Tulipoitana Msaragambo wa Topolojia

Wiki iliyopita, pale Same mjini, nje ya stesheneri ambako watu hupanga foleni kutoa nakala za vyeti, binti mmoja alinigusa bega. Upepo wetu ulikuwa umeshampaka vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye dada Nakundwa wa kupanga kozi?"

Mimi bado natumwa chumvi dukani na kaka zangu, kwa hiyo shikamoo ile ilinikuta sijajiandaa. Nikaitika marahaba kwa sauti ndogo, kisha nikamwambia kwamba kazi hiyo nimestaafu.

"Umestaafu?" Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Na sisi tunaokwenda mwaka huu atatupangia nani?"

Nilimpa maneno mawili matatu pale pale tukaagana. Nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza kama maneno yenyewe yalikuwa sahihi, na kufikia saa ya chai nilikuwa na hakika kwamba nimempoteza. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote wadogo zangu, wa milimani na wa tambarare, mnaosubiri kwenda kusoma shahada ya hisabati. Msicheke neno kustaafu. Mtu akiacha kazi aliyoipenda, na kiti chake akakalia mwingine, amestaafu, hata kama hana mvi.

Kazi yenyewe haikuwa na cheo. Ilianza kwa woga. Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliusoma mwongozo wa kozi kama wenzangu walivyosoma ujumbe kwenye simu, yaani kila nilipopata nafasi, kwa sababu niliogopa kwamba kuna sharti mahali fulani sijaliona na litanirudisha nyumbani. Wenzangu waligundua kwamba naujua mwongozo ule, wakaanza kuniuliza. Mwaka wa pili nilikuwa na kimbweta changu nyuma ya jengo la idara, meza ya zege iliyomeguka kona moja, na kila mwanzo wa muhula wanafunzi wapya walipanga foleni mbele yangu. Waliniita Mama Mipango. Siku moja mkuu wa idara alipita, akaona foleni, akauliza kuna nini. Alipoambiwa, alikwenda ofisini kwake akarudi na kiti cha plastiki, maana nilikuwa nakaa juu ya tofali. Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Niwaambie jinsi nilivyokuwa nikipanga, kwa sababu hilo ndilo binti wa stesheneri aliloniuliza.

Mwongozo wa kozi ukiusoma toka juu kwenda chini utakuchanganya. Utaona kalkulasi, aljebra, takwimu, programu za kompyuta, uchambuzi wa namba halisi, kila moja na krediti zake na kozi inayotakiwa kuitangulia, na utaona kama mtu kamwaga maharage sakafuni. Mimi nilikwama hapo kwa muda mrefu. Kilichonikwamua ni kumbukumbu ya nyumbani. Kwetu Mamba, juu ya mashamba ya tangawizi, kuna ndiva. Ambao hamkukulia kwetu, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na maji huteremka kwa mifereji hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Ukitaka kujua kwa nini shamba la chini halijapata maji, huanzi juu. Unaanza shambani, unaufuata mfereji ukipanda nao, hadi ukute palipoziba.

Basi nikachukua mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, nikachora kozi za mwaka wa tatu chini kabisa, kama mashamba. Nikachagua moja na kujiuliza: hii inakunywa maji ya kozi gani? Nikachora mfereji kwenda juu. Na ile nayo inakunywa wapi? Nikapanda tena. Nilifanya hivyo kwa kozi ya takwimu ya kukadiria idadi ya watu, kwa kozi ya kuficha siri za ujumbe, na kwa topolojia, ambayo wakati huo sikujua hata inahusu nini. Mashamba matatu yasiyofanana kabisa. Mifereji yote ilipanda, ikapindapinda, na sehemu kubwa ya maji yake ikatoka kwenye bwawa lile lile: vipindi vya mwanzo kabisa vya mwaka wa kwanza, ambapo mwalimu alitushikilia juma zima tukibishana maana ya namba moja kukaribia nyingine. Kipindi kile wengi walisinzia. Mimi mwenyewe niliona tunapotezewa muda.

Niliiangalia kalenda ile mpaka nywele za mikono zikanisimama. Kuna watu waliokaa na kuhakikisha kwamba neno moja dogo, kukaribia, limesemwa sawasawa kule juu, ili sisi huku chini tulime chochote tunachotaka. Nilijisikia mdogo sana, na nilifurahi kujisikia hivyo.

Kwa hiyo anzeni chini mpande. Jiulizeni mnataka kulima nini mwaka wa tatu, kisha fuateni mfereji kwenda juu. Na muhula mmoja msiujaze kozi za kuthibitisha kanuni pekee. Kozi ya kuthibitisha inakukalisha siku nzima mbele ya mstari mmoja, kwa hiyo iwekeeni jirani kozi ya kukokotoa au ya kompyuta, ambayo walau jioni utakuwa na kitu cha kuonyesha. Hilo nililijua kwa kumtazama Eliamini.

Eliamini ni kijana wa Kihurio, mtoto wa wakulima wa mpunga, tuliyekuwa naye darasa moja tangu mwaka wa kwanza. Yeye alichagua kozi kwa kuangalia chumba kipi kina feni inayozunguka.

"Mtu wa Kihurio unaogopa joto?" nilimuuliza.

"Nyie wa milimani mnalisikia kwenye redio," akasema. "Mimi nalijua kwa jina."

Muhula mmoja feni nzima zilikuwa kwenye vyumba vya kozi tatu za kuthibitisha. Alisoma zote tatu kwa raha ya upepo, na akafanya sapu mbili, yaani mitihani ya marudio ya waliofeli.

Jirani yangu wa tangu utotoni, Mbonea, hakuwahi kuja kwenye kimbweta changu kupangiwa. Nyumba yao na yetu kule Mamba zinatazamana, katikati pana bonde. Alikuwa kijana mkimya, mwenye kutembea mikono nyuma kama mzee wa kanisa, na alikuwa na kipaji ambacho sisi wengine tulikitazama kama watu wanavyotazama radi. Ukimpa swali alikaa kimya, kisha alisema sentensi moja, na swali likafunguka. Mwishoni mwa mwaka wa pili chuo kimoja cha nje ya nchi kilimkubalia nafasi ya shahada ya uzamili, kwa sharti moja: amalize shahada yake akiwa amesoma topolojia. Mbonea hakuwa na wasiwasi. Topolojia ilikuwa kwenye mwongozo, mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, kozi ya hiari. Mwenyewe alisema ipo pale.

Sisi watu wa mlimani tuna tatizo hilo. Mfereji uliochimbwa na mababu tunaona utakuwepo siku zote.

Likizo ile tukiwa nyumbani, pembe ilipigwa asubuhi kuita msaragambo. Mvua ilikuwa imejaza tope kwenye mfereji mkuu, na kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu mwenye jembe. Msaragambo kwetu hauna cha mchungaji wala mwalimu. Pembe ikilia unakwenda, mnazibua mfereji mpaka maji yapite, mnakula makande, kila mtu anarudi kwake. Eliamini alikuwa amepanda kututembelea, akakabidhiwa jembe kabla hajamaliza kusalimia.

Tulikuwa tumesimama kwenye maji ya baridi hadi magotini. Mbonea alichota tope, akalitupa ukingoni, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Topolojia haifunguliwi."

"Nani kasema?" nikauliza.

"Nimeongea na idara jana. Kozi ya hiari ikikosa watu kumi haifundishwi. Waliojiandikisha ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi."

Ndani ya kichwa changu nikaanza kupitia njia zote: ahamie chuo kingine, aombe kusamehewa sharti, asubiri mwaka. Kila njia iliishia ukutani. Mbonea alikuwa ameshazipitia kabla yangu, nilimwona usoni.

Aliyesema ni Eliamini, akiwa ameegemea jembe kama mtu aliyefanya kazi siku nzima. "Sasa nyie Wapare mna shida gani? Hapa mmepigiana pembe kwa ajili ya tope. Si mpige na kwa hiyo topo nyingine?"

"Wewe si Mpare?" Mbonea akamuuliza.

"Mimi leo ni mgeni. Jana nilikuwa Mpare."

Tulicheka, lakini wazo lilibaki. Tulipomaliza makande tulipanda kilimani ambako simu hukamata mtandao, tukaanza kupiga pembe yetu. Tuliwapigia wote wa nyumbani waliokuwa wakisoma hisabati chuoni kwetu, na waliosomea ualimu wa hisabati, mpaka binti mmoja wa Maore ambaye hatukuwahi hata kuongea naye. Hatukueleza mengi. Tulisema mfereji wa Mbonea umeziba. Wote waliingia kwenye mfumo wakajiandikisha topolojia. Mfumo ulizunguka na kuzunguka kama kawaida yake, lakini kufikia jioni majina kumi na mawili, pamoja na la Mbonea, yalikuwa yameingia. Nakumbuka nilikaa kwenye jiwe, chini yangu tambarare yote hadi Kihurio ikigeuka rangi ya asali, nikawaza kwamba watu hawa hawajui hata topolojia ni nini, wameitwa tu, wakaja.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na nadhani ni kosa la kwetu tu. Kila mmoja wetu alidhani amekuja kuzibua. Maji yakishapita unakula makande unaondoka. Chuo huruhusu mtu kufuta kozi katika majuma mawili ya kwanza ya muhula, na sisi wote, bila kuambiana, tulipanga kwamba kozi ikishafunguliwa tutafuta majina yetu taratibu, tumwachie Mbonea shamba lake.

Mhadhiri alikuwa Dokta Sauda, mama wa Tanga, mwembamba, aliyefundisha kwa chaki wakati wenzake wote walishahamia kwenye projekta. Alisema chaki inamlazimisha kwenda kwa mwendo wa akili ya mtu. Siku ya kwanza aliingia, akasoma majina yetu, akaweka karatasi chini.

"Hawa wote ni wa Same?"

Tukakubali.

"Wapare mmeacha kesi mmeingia topolojia?" Darasa likacheka, maana Wapare tunasifika kwa kupenda mahakama. Yeye hakucheka sana. "Nimefundisha miaka mingi, najua watu wanaopendana wanavyofanya. Niwaambie mapema. Idara haihesabu wanaokuja. Inahesabu wanaobaki baada ya siku ya kufuta. Mkipungua kumi, nafunga daftari langu naenda zangu."

Eliamini alinyoosha mkono. "Dokta, kwetu kazi ya pamoja inaisha adhuhuri, watu wanakula makande wanakwenda nyumbani."

"Hapa makande yanaliwa baada ya mtihani," akasema, akageukia ubao.

Tulitoka nje. Mnajua maana yake? Kila aliyebaki angebaki na mtihani wa kweli, katika kozi ambayo watu wazima huikimbia, mwaka wa mwisho, wakati wastani wa alama ukiharibika unabaki na muhula mmoja tu wa kuutengeneza. Eliamini alifuta jina lake akiwa bado mlangoni. Binti wa Maore alisema pole, akafuta siku iliyofuata. Tulibaki kumi tukihesabu na Mbonea, na mimi nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa nimeshaamua kufuta.

Nawaambia wazi kwa sababu wengi wenu mtakutana na jambo hili. Kwa mwaka mzima, kwenye kile kiti cha plastiki, niliwaambia wadogo zangu: usichukue kozi kwa kumhurumia mtu. Huruma haikai nawe kwenye chumba cha mtihani. Niliamini hivyo na bado naamini. Mpango wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa umetulia, niliuchora kwa rula. Topolojia haikuwemo. Mbonea mwenyewe alinifuata kimbwetani.

"Futa, Nakundwa. Mtu akipata keri, akalazimika kurudia kozi mwaka mwingine kwa ajili yangu, nitamtazamaje mama yake kanisani?"

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi nyumbani nitafundisha. Kufundisha si kubaya."

Alisema hivyo akiwa ameangalia kona ya meza iliyomeguka. Sikuwahi kumwona Mbonea akisema kitu asichokiamini, kwa hiyo sikujua uso wake ungekuwaje. Siku hiyo niliujua.

Kipindi cha pili niliingia darasani nikiwa na simu mkononi, ukurasa wa kufuta kozi ukiwa wazi. Nilitaka niage kwa heshima: nisikilize mpaka mwisho, nibonyeze, nitoke. Eliamini naye alikuwepo, ingawa alishafuta, kwa sababu chumba kile kilikuwa na feni.

Dokta Sauda aliingia na ramani ya chuo, ile ya kuwaelekeza wageni. Hakuibandika ubaoni. Aliiachia, ikaanguka sakafuni ikiwa imekaa upande.

"Kwenye karatasi hii," akasema, "kuna nukta moja iliyolala sawasawa juu ya mahali halisi inapopaonyesha. Ipo, na ni moja tu. Nani ananibishia?"

Akaiokota, akaizungusha, akaiachia tena karibu na mlango. "Na sasa?" Kisha akaiokota akaikunjakunja kama ya kufungia karanga, akaitupa chini ya meza. "Na sasa?"

"Sasa imeharibika, Dokta," alisema Eliamini kutoka chini ya feni.

"Imeharibika, na nukta bado ipo."

Akaenda ubaoni. Alisema: ramani hii inaonyesha chuo kizima, na imo ndani ya chuo. Kwa hiyo ndani ya ramani kuna jengo hili, ndani ya jengo lile dogo kuna chumba hiki, ndani ya chumba kuna sakafu, juu ya sakafu kuna ramani, ndogo mno hata jicho halioni. Ndani ya ramani ile ndogo kuna jengo tena. Alichora umbo ndani ya umbo ndani ya umbo, chaki ikinong'ona, kila moja dogo kuliko lililopita. "Zinakwenda wapi?" akauliza. Na hapo Mbonea, kwa sauti yake ya chini, akasema: "Zinakaribia."

Neno lile. Lilikuwa limetoka juu kabisa kwenye bwawa la mwaka wa kwanza, limepita mifereji yote niliyoichora kwenye mgongo wa kalenda, na sasa nililiona likifika shambani. Mistari michache tu ilibaki, Dokta akaiandika bila haraka, na mwisho wake nukta ikawa ipo. Hakuna aliyeiona. Hakuna anayeweza kuionyesha kwa ncha ya sindano. Na hakuna namna duniani isiwepo. Mimi ni mtu ambaye hukagua mara mbili kama nimefunga mlango, kisha nikifika njiani narudi. Sikujua kwamba kuna kitu ambacho unaweza kuwa na hakika nacho kiasi kile, hata baada ya kukikunja na kukitupa chini ya meza.

Kipindi kilipoisha nilikuta simu imezima mwanga wake yenyewe, na mfumo umenitoa kwa kukaa muda mrefu bila kugusa kitu. Sikuingia tena.

Siku ya mwisho ya kufuta, mchana, Mbonea alinionyesha simu yake. Tulikuwa tisa. Mtu mmoja alikuwa ameondoka asubuhi ile, na sikumlaumu. Alikuwa na sababu zake na zilikuwa nzuri. Mbonea alisema, "Basi na wewe futa, kabla hawajafunga. Hakuna haja tena ya kunisaidia."

"Sikusaidii," nikamwambia. "Nilikuwa nakusaidia wiki iliyopita. Sasa nasoma."

Tulikaa kimbwetani bila la kufanya. Nilipitia majina ya kila mtu ninayemfahamu na nikaona sina haki ya kumpigia hata mmoja. Ndipo Eliamini akatokea akitafuna muhogo.

"Mbona mmekaa kama msibani?"

"Tumebaki tisa," nikasema.

"Tisa na mimi, au tisa bila mimi?"

"Wewe ulifuta siku ya kwanza."

"Nilikwenda kula makande," akasema. "Nimeshiba. Ile karatasi ya chini ya meza imeninyima usingizi." Akafuta vidole kwenye suruali, akatoa simu. Mfumo ukazunguka. Tuliutazama ule mduara mdogo wote watatu kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Jina lake likaingia, tukawa kumi.

Sitawadanganya kuhusu yaliyofuata. Nilisoma kozi ile kuliko zote na nikapata C. Wastani wangu uliteremka kidogo, na pale nilipoomba kazi mara ya kwanza nilijiuliza kama ndiyo sababu hawakuniita. Eliamini alipata sapu, akaurudia mtihani likizo wakati sisi tupo nyumbani, akafaulu. Mwenzetu mmoja anaichukia kozi ile mpaka leo, na akikutana nasi salamu yake haina furaha. Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti wa stesheneri unabaki ule ule: usiingie kozi kwa huruma. Ila kabla hujafuta, hudhuria vipindi viwili. Kimoja hakitoshi. Na kozi ya hiari uliyoipenda usiitazame kama mfereji wa mababu. Uliza mapema iliwahi kufunguliwa lini, nani anaifundisha, na wenzako wangapi wanaitaka. Ikibidi, piga pembe, lakini uwaambie watu ukweli kwamba kazi itaendelea hadi baada ya mtihani.

Mbonea alipata A, na sharti lake likatimia.

Kabla hajasafiri, mama yake alituita Mamba kula naye. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Mama Mbonea alitupakulia makande, na chai ya tangawizi iliyochoma koo. Eliamini alikuja na zawadi: ramani ya wilaya ya Same, aliyoichapisha stesheneri kwenye karatasi kubwa. Mbonea aliitandaza mezani, nasi watatu tukaiinamia tukabishana.

"Mnatafuta nini humo?" Mama Mbonea akauliza.

Mbonea alimweleza kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, polepole, akipitisha kidole: wilaya yote imo humu, na karatasi hii imo ndani ya wilaya. Kwa hiyo kuna nukta moja iliyokaa juu ya mahali pake kabisa.

"Iko wapi?"

"Hapa penye Mamba. Ndani ya Mamba, kwenye nyumba hii. Ndani ya nyumba, kwenye meza hii."

Mama aliweka kidole chake pale, kidole kilichokwajuka kwa kumenya tangawizi, kikafunika kijiji kizima na majirani zake. "Nikiigeuza?"

"Bado ipo, mama," alisema Eliamini.

"Nikiikunja?"

"Hata ukiikunja."

Alifikiri. Mbonea alikuwa ameanza kuikunja ramani taratibu, aiweke kwenye begi lake pamoja na nguo za baridi.

"Na wewe ukiondoka nayo?"

Mbonea aliacha kukunja. "Nikitoka nayo nje ya Same, mama, nukta haipo tena."

Mama Mbonea alinyoosha mkono akaichukua. Akaitandaza upya, akalainisha mikunjo kwa kiganja, akaweka chupa ya chai kona moja na bakuli la sukari kona nyingine.

"Basi wewe nenda," akasema. "Hii inabaki."

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia. Ramani ipo pale pale, sasa ameifunika kwa nailoni ya meza, na upande wa Maore umepata duara la kikombe. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia bado natafuta. Kisha akaanza kufagia, akasukuma meza hadi dirishani ili apate nafasi, akasimama na ufagio mkononi.

"Sasa nimeihamisha," akasema. "Bado ipo?"

"Bado ipo, mama."

"Najua," akasema, akaendelea kufagia. "Nilitaka kusikia kama na wewe bado una hakika."